Serebro: kundi ni la mwenye jina au la wanaoimba?

Mei 2007 wasichana watatu wa Urusi walipanda jukwaa la Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, jijini Helsinki, na hilo ndilo lilikuwa onyesho lao la kwanza hadharani kama kundi la Serebro. Wakashika nafasi ya tatu. Elena Temnikova, Olga Seryabkina na Marina Lizorkina walikuwa wamekusanywa mwaka uliotangulia na prodyuza Maxim Fadeev.

Mwanzo wa namna hiyo unampa nguvu anayesema kundi ni mali ya aliyeliunda. Fadeev ndiye aliyechagua sauti na kutunga muziki. Lizorkina alipoondoka 2009, Anastasia Karpova akachukua nafasi yake, na mwaka 2011 ukatoka "Mama Lover", wimbo uliotamba hadi Italia. Waliokuwa wameshalizika kundi wakaumbuka.

Lakini itazame video ya wimbo huo. Karibu muda wote wasichana wako ndani ya gari, kamera iko mbele yao, wanaimba na kuchezacheza kwenye viti. Hakuna jukwaa wala madoido. Kilichouzwa pale ni sura tatu na utani baina yao, basi. Ukishauza sura, ni vigumu kumwambia shabiki kesho kwamba sura si hoja.

Na sura zilibadilika kweli. Karpova alitoka 2013, akaingia Daria Shashina. Temnikova, ambaye kwa wengi ndiye alikuwa Serebro, akatoka 2014. Karpova akarudishwa kuziba pengo mpaka Polina Favorskaya alipopatikana. Baadaye wakaja Katya Kishchuk na Tatiana Morgunova. Kumfuatilia nani yuko na nani katoka ikawa kazi kwelikweli.

Hata hivyo kundi halikuyumba sana, na wanaomsifu Fadeev kwa hilo wanamsahau Seryabkina. Alikuwepo tangu mwanzo, na mashairi mengi yalipita mikononi mwake. Wageni walipokelewa na mwenyeji. Naye pia, tukiwa wakweli, alikuwa chini ya prodyuza yuleyule. Bila Fadeev huenda tusingemsikia.

Seryabkina alipoondoka 2019, jina lilibaki kwa Fadeev, akawapa wasichana watatu wapya kabisa. Alikuwa na uwezo huo. Ila katika hao hakuna aliyewahi kuimba na yeyote wa Helsinki, na kwangu mimi lile lilikuwa kundi jingine, lililoanza maisha likiwa na deni la nyimbo za wenzao.