Giselle Wawili kwenye Skrini Moja

Ukimtafuta Giselle, mhusika mkuu wa baleti yenye jina hilohilo, kwenye rekodi leo, utamkuta katika miili mingi. Yupo Galina Ulanova, aliyerekodiwa London mwaka 1956 wakati kampuni ya Bolshoi ya Moscow ilipokwenda huko, akiwa na umri wa miaka 46. Yupo Carla Fracci wa 1969 akicheza na Erik Bruhn. Yupo Natalia Makarova wa 1977, mwenzake akiwa Mikhail Baryshnikov. Wapo pia Natalia Osipova wa 2014 na Marianela Nuñez wa 2016, wote wa Royal Ballet, kampuni ya London, katika onyesho lilelile lililoandaliwa na Peter Wright. Baleti hii ilichezwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1841, na kwa miaka zaidi ya mia moja hakuna mtazamaji aliyeweza kufanya jambo ambalo sasa ni la kawaida kabisa: kumtazama mchezaji mmoja mpaka mwisho wa kipande, kisha papo hapo kumtazama mwingine katika kipande hichohicho.

Wapo wapenzi wa baleti wasiotaka hata kusikia habari hizo. Kwao baleti ni sanaa ya ukumbini: mwili ulio hai mbele ya macho yako, okestra iliyo hai chini ya jukwaa, na usiku mmoja usiorudi. Anayewapima wachezaji kwa rekodi, wanasema, anapima kivuli. Upande wa pili unajibu kwamba ukumbi ni wa wachache, na kwamba bila skrini wengi wetu tusingejua kinachomtofautisha mchezaji mmoja na mwingine. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Mimi naegemea skrini, ila kwa sharti. Tafsiri ya mchezaji, yaani namna anavyomwelewa mhusika na kumfikisha kwetu, hukaa zaidi katika njia iliyo kati ya hatua na hatua kuliko katika pozi analofikia. Kwa kuwa rekodi inakubali kurudishwa nyuma, skrini inaweza kutuonyesha njia hiyo kuliko kiti chochote cha ukumbini. Bahati mbaya, hiyo njia ndiyo ya kwanza kuvunjika mwongozaji anapokata picha ovyo.

Chukua hao wawili wa Royal Ballet. Ni kipimo kizuri kwa sababu karibu mengine yote yanafanana: kampuni moja, mapambo yaleyale, muziki uleule wa Adolphe Adam. Giselle ni msichana wa kijijini anayempenda Albrecht bila kujua kwamba kijana huyo ni mtawala aliyejigeuza mwanakijiji, tena ana mchumba. Siri inapofichuka anarukwa na akili na kufa. Sehemu ya pili anaibuka miongoni mwa Wili, mizimu ya wasichana waliosalitiwa kabla ya ndoa, ambao huwachezesha wanaume usiku kucha hadi roho ziwatoke. Malkia wao, Myrtha, anamwita kutoka kaburini. Giselle anasimama mbele yake ameinamisha kichwa, halafu ghafla anaanza kuzunguka kwa kurukaruka juu ya mguu mmoja, ule mwingine ukiwa nyuma yake.

Ni sekunde chache tu. Osipova huingia humo kwa kasi inayoshtua, mwili mzima ukiwa umetekwa na amri ya malkia. Huoni akiamua chochote. Kwa Nuñez mzunguko una umbo, mgongo umetulia, na unahisi kwamba ndani ya mzimu bado yumo yule msichana. Ukitazama mara moja utasema mmoja ana kasi na mwingine ana usafi, ukaishia hapo. Ukirudisha nyuma na kutazama ile pumzi iliyo kabla ya mzunguko, jinsi kichwa kinavyoinuka na mabega yanavyoupokea wito, ndipo unapogundua kwamba umeonyeshwa mawazo mawili tofauti kuhusu kifo. Kwa mmoja kifo kimeshamaliza kazi yake. Kwa mwingine bado.

Mtu wa ukumbini angeupataje ulinganisho huo? Angemwona Osipova usiku mmoja, akamwona Nuñez baada ya wiki kadhaa au miaka, akiwa amekaa kiti kingine, pengine juu kabisa ambako nyuso hazionekani. Kumbukumbu hupamba na hupunguza. Tusisahau pia kwamba ukumbi nao una kamera yake, nayo ni kiti ulichopata. Wa mstari wa mbele anaona machozi lakini haoni michoro ambayo kundi la Wili linaichora sakafuni. Wa juu anaona michoro na kukosa machozi. Wanaoitetea tajiriba ya ukumbini mara nyingi husahau kusema walikuwa wamekaa wapi.

Hata hivyo kulinganisha kuna mitego, na mmoja hauhusiani na kamera hata kidogo. Katika onyesho la Wright, Giselle anajiua kwa upanga wa Albrecht, na ndiyo sababu kaburi lake liko msituni, nje ya ardhi takatifu. Katika maonyesho mengine mengi ni moyo wake dhaifu unaoshindwa. Mchezaji anayejua kwamba atajichoma upanga lazima apande mbegu ya ukali huo mapema. Yule ambaye moyo wake utasimama hupanda udhaifu, mkono ukigusa kifua hata katikati ya furaha. Kwa hiyo kumweka Ulanova kando ya Nuñez na kuuliza nani anakufa vizuri zaidi ni kuwaonea wote wawili. Vifo vyenyewe ni tofauti. Kabla ya kumsifu au kumlaumu mchezaji inabidi kujua lipi lake, lipi la mwandaaji, na lipi la mapokeo ya kampuni yake.

Mtego wa pili ni wa kamera, na hapa wapinzani wa skrini wana haki kamili. Katika baleti ya Swan Lake, densi ya Odette, msichana aliyegeuzwa bata maji, na mwana mfalme Siegfried kando ya ziwa, iliyotungwa na Lev Ivanov na kuingia katika onyesho la St Petersburg la 1895, inafika mahali ambapo Odette anashikwa na mwenzake huku mguu mmoja ukipigapiga kwa vipigo vidogo mno kwenye kifundo cha mguu aliosimamia. Kiwiliwili kimetulia, shingo inainama taratibu, na chini kabisa kuna mtetemeko usiokoma, hofu ambayo uso hauitamki. Maana yote imo katika kuviona vyote kwa wakati mmoja. Mwongozaji akituletea uso wa karibu, mguu umepotea. Akituletea mguu, tunabaki na ufundi usio na mwenyewe. Ukumbini hata mtu wa kiti cha mwisho anapata vyote viwili, japo kwa udogo. Nimeona rekodi ambamo sehemu hii imekatwa mara nyingi kiasi kwamba haiwezekani kusema lolote la maana kuhusu mchezaji. Ukijaribu utaishia kumsifu mhariri.

Mruko nao hupungua. Kamera inayomfuata mchezaji akipanda humbakiza katikati ya picha, na urefu aliopanda unayeyuka. Anayetaka kuijua miruko ya Osipova atafute picha pana iliyotulia, ambamo sakafu inaonekana.

Lakini usidhani picha ya karibu ni adui siku zote. Katika Romeo and Juliet ya Kenneth MacMillan, kwa muziki wa Prokofiev, kuna mahali Juliet anakaa ukingoni mwa kitanda na hachezi. Romeo amekwenda, wazazi wamemlazimisha kuolewa na kijana aitwaye Paris, okestra inapanda na kupanda, naye ametazama mbele tu. Hakuna hatua hata moja. Hapo ndipo mchezaji anapojulikana: je, anauacha muziki umpitie, au anataka kutuonyesha kwamba anafikiri? Uso ukisogezwa karibu unaona uamuzi wa kukimbilia kwa kasisi ukizaliwa machoni kabla mwili haujasimama. Ukumbini unapata kitu kingine chenye nguvu yake, msichana mdogo ndani ya chumba kikubwa, pweke. Siwezi kusema kimoja kinatosha. Ninachoweza kusema ni kwamba tukio hili halipotezi mengi kwa kamera, kwa sababu hakuna miguu ya kukatwa.

Baleti hiyohiyo inaonyesha jinsi skrini inavyoandika historia kwa upendeleo. MacMillan aliitunga akiijenga juu ya miili ya wachezaji Lynn Seymour na Christopher Gable, lakini ilipofunguliwa London mwezi Februari 1965, usiku wa kwanza walipewa Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev, majina yaliyojaza kumbi. Filamu ya 1966 ikawachukua haohao. Fonteyn alikuwa ameshavuka miaka 45, naye anamfikia Juliet kwa umahiri na neema. Alessandra Ferri, aliyerekodiwa mwaka 1984 akiwa na miaka ishirini na kidogo, anaufikia uhusika kwa mwili unaojitupa bila kujihadhari. Kuwatazama hawa wawili kwa mfuatano ni elimu tosha. Ila mtazamaji akumbuke kwamba mwili uliokuwa chimbuko la Juliet huyu haumo katika ulinganisho wake. Wengine hawamo kabisa: hakuna filamu inayojulikana ya Vaslav Nijinsky, mchezaji mashuhuri wa mwanzoni mwa karne ya ishirini, akicheza. Orodha yoyote ya wachezaji bora iliyotengenezwa kwa rekodi ni orodha ya waliorekodiwa.

Kuhusu filamu za zamani, uangalifu unatakiwa zaidi. Anna Pavlova, mchezaji mashuhuri wa Kirusi, alipigwa filamu miaka ya 1920 akicheza lile solo la bata maji anayekufa, alilotungiwa na Mikhail Fokine kwa muziki wa Saint-Saëns. Filamu za enzi hiyo hazikuwa na sauti, kasi ya kamera haikuwa moja, na muziki tunaousikia leo uliongezwa baadaye. Kwa hiyo mtu anayesema Pavlova anaharakisha, au kwamba hasikii muziki, anaihukumu mashine. Kinachobaki salama ni umbo la mikono na namna kiwiliwili kinavyokata tamaa kabla ya miguu. Hilo laweza kulinganishwa na Maya Plisetskaya wa Bolshoi, ambaye mikono yake katika solo hilo ina mawimbi marefu yasiyo na mfupa, na unaona kizazi kizima kimepita kati yao.

Muziki wenyewe wastahili sikio kuliko tunavyoupa. Katika Swan Lake ya Royal Ballet iliyorekodiwa mwaka 1980, Makarova akiwa na Anthony Dowell, densi ya kando ya ziwa inakwenda taratibu mno. Fidla inasubiri, mguu unafunguka kana kwamba hakuna mwisho. Wapo wanaoona huo ndio upeo wa ushairi wake, na wapo wanaoona kwamba muziki wa Tchaikovsky umenyimwa pumzi. Mimi naguswa na Makarova kila mara, na bado nadhani kundi la pili lina hoja: mwendo ukishuka kiasi hicho, mazungumzo kati ya fidla na selo yanageuka hotuba ya mtu mmoja. Uzuri wa rekodi ni kwamba unaweza kufumba macho ukasikiliza kwanza, ukajua ni huzuni kiasi gani imeletwa na kiongozi wa okestra, ndipo ukafungua macho uone iliyoletwa na mchezaji.

Kinachonisikitisha zaidi ni vipande vifupi vinavyosambaa siku hizi, vya sekunde chache, wachezaji kumi wakipangwa mfululizo ili tuone nani ameinua mguu juu zaidi au nani amezunguka mara nyingi zaidi. Katika Swan Lake ya mwaka 1895 Pierina Legnani alizifanya fuete 32, yaani mizunguko ya mfululizo juu ya mguu mmoja, za Odile, yule anayejifanya Odette, na tangu hapo idadi hiyo imekuwa mzigo. Katika hadithi fuete hizo zina kazi: Odile anamlevya mwana mfalme mpaka aape kiapo cha uongo. Plisetskaya aliziacha, akaweka badala yake mizunguko ya kasi kulizunguka jukwaa, na hakuna aliyeweza kusema Odile wake hana hatari. Katika kipande cha sekunde kumi angehesabiwa ameshindwa. Ulanova naye, ambaye mguu wake haukupanda juu kama inavyotakiwa leo, asingechaguliwa hata kuwemo. Ulinganisho wa aina hii umeitoa tafsiri nje na kubakisha kipimo cha viungo, na wanafunzi wadogo wanaotazama wanajifunza kwamba baleti ndiyo hiyo.

Dawa ipo, tena imeshatengenezwa. Kampuni kubwa huweka rekodi za kazi, kamera moja imesimama nyuma ya ukumbi ikiliona jukwaa zima, ambazo wakufunzi huzitumia kuwafundishia wachezaji wapya. Maktaba ya umma ya New York pale Lincoln Center ina hazina kubwa ya rekodi za densi, na nyingi ni za kutazamwa humohumo ndani. Zina sauti hafifu na nyuso ndogo, na kwa mtu anayetaka tu kupitisha jioni njema hazitamvutia. Haki za watunzi, wanamuziki na wachezaji ni suala zito, nao lazima walipwe. Lakini onyesho linapouzwa kwa watazamaji, kamera hiyo ya nyuma ingeweza kuwekwa kando ya picha iliyohaririwa, mtu akachagua dakika hadi dakika: uso wa Juliet kwa karibu, na densi ya ziwani kwa picha pana isiyokatwa. Teknolojia ya kufanya hivyo haina ugumu. Kinachosubiriwa ni kampuni moja kubwa iamue kwamba watazamaji wake wana hamu ya kuona miguu pia.