Glasi za kabatini: ziende makumbusho au zibaki sebuleni?

Kila yanapozungumzwa makumbusho ya Dar es Salaam, lalamiko moja hujitokeza. Kwa nini historia tunayoonyeshwa ni ya mifupa, ngoma na mikuki, wakati vitu alivyovishika mtu wa Ilala au Temeke kila siku havionekani? Anayelalamika huwa na mfano tayari, na mara nyingi ni chombo cha kioo: chemni ya taa, chupa ya marashi, jagi la sharubati, seti ya glasi sita iliyobaki nne. Upande wa pili hujibu bila kusita kwamba vyombo hivyo ni vya nje, vilitolewa viwandani kwa maelfu, na makumbusho si stoo ya kuhifadhia vyombo vya watu.

Nianze na hilo la "vya nje", maana ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa kuliko yote na ndilo dhaifu kuliko yote. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Periplus, unautaja mji wa Rhapta, ambao wanahistoria wengi wanauweka katika pwani hii yetu. Miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa huko zimetajwa mashoka, visu na vitu vya kioo vya aina mbalimbali. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba upande wa Rufiji na kuzipata shanga za kioo za zama za Warumi. Kilwa nako wachimbaji wameokota shanga za kioo kwa wingi, na katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba shanga za Venice kama fedha ya njiani. Kioo, basi, kimekuwa kikishuka kwenye fukwe hizi kwa karibu miaka 2,000. Kama kutoka ng'ambo ni dosari, tuanze kuvitupa vigae vya Kichina vya Kilwa, na hakuna anayethubutu kulisema hilo.

Hoja ya wingi ni ngumu zaidi, na hapo wenye makumbusho wana la kusema. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mpaka: kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na milango ya mbao iliyochongwa ikaongezewa muda hadi 1940. Glasi nyingi za bibi zetu haziufikii mpaka huo hata kwa mbali. Kuna pia suala la nafasi na fedha. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyoanzishwa 1934 na kufunguliwa kwa umma 1940, ndiyo yenye dhamana ya fuvu la zamadamu Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959. Mhifadhi mwenye bajeti ya kubana akiambiwa achague kati ya kabati salama la fuvu lile na rafu ya majagi, sitamlaumu kwa jibu lake.

Halafu kuna hali ya hewa, jambo ambalo watoaji wa vyombo hawalifikirii kabisa. Kioo cha kawaida ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja. Mafundi wa zamani walipozidisha magadi na kupunguza chokaa, kioo hicho hubaki na ugonjwa wa kudumu: unyevu huyavuta magadi hadi juu, chombo kinateleza kama kilichopakwa sabuni, kisha huanza nyufa nyembamba ambazo hazirudi nyuma. Vyombo vya aina hiyo hutakiwa kukaa kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 40 hivi, usiopanda wala kushuka. Hewa ya Dar es Salaam mara nyingi inapita asilimia 70, na umeme ukikatika kiyoyozi hakisubiri mtu. Ajabu ni kwamba kuosha ni sehemu ya tiba, kwa sababu maji huyaondoa magadi yaliyojikusanya juu. Chombo kinachooshwa nyumbani kila wiki chaweza kuwa na afya kuliko kilichosahauliwa bohari. Niongeze haraka kwamba glasi nyingi za viwandani za karne ya 20 ni imara na hazina ugonjwa huu, kwa hiyo hoja ya hewa isitumike kukataa kila kitu.

Wanaotaka vyombo hivi vipokelewe wana hoja moja ambayo sijasikia ikijibiwa vizuri: vinatoweka. Katika mji huu chupa haifi kwa kuvunjika tu. Chupa ya bia huwa kipimo cha mafuta ya taa, chupa ya konyagi hujazwa asali, chupa ya juisi huwekwa achari. Ikichoka kabisa huokotwa na kuuzwa, vigae vikapelekwa kiwandani kuyeyushwa, kwa sababu kioo huyeyuka na kufinyangwa upya mara nyingi bila kupoteza ubora, na vigae hupunguza joto linalohitajika tanuruni. Kwa mazingira hilo ni jema sana. Kwa historia ni hasara, maana chupa ya soda ya 1960 huenda leo imo ndani ya chupa mpya kwenye kreti la dukani kwako. Kioo cha jana hakiachi hata jaa la kuchimba.

Nao wanaosema vitu vibaki mahali pake, kwa wenyewe, wakatembelee magofu ya Kunduchi, hapa hapa kaskazini mwa jiji. Makaburi yale ya nguzo yalipambwa kwa bakuli na sahani za Kichina zilizopachikwa ukutani. Vyombo kama hivyo, katika makaburi mengi ya pwani, vimeng'olewa na kubaki vishimo vya duara. Havikuwa vimehamishwa, vilikuwa pale pale vilipowekwa na waliovithamini. Mahali pa asili hapalindi kitu ikiwa hakuna anayelinda.

Hata hivyo, nikiwapa watetezi wa makumbusho ushindi huo, nawauliza: mtapokea nini hasa? Kioo kina uwezo mkubwa wa kusema kilikotengenezwa na uwezo mdogo sana wa kusema kilikoishi. Pindua chupa uone kovu la mviringo kitakoni, pale fimbo ya mpuliza kioo ilipobanduliwa, utajua ilipulizwa kwa pumzi ya mtu. Fuatisha mshono wa kalibu kwa kidole: ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono, ukipanda hadi kuvuka mdomo, hiyo ni kazi ya mashine za baada ya Michael Owens wa Marekani, aliyeanza kutengeneza chupa bila mpulizaji mwanzoni mwa karne ya 20. Chupa ya soda yenye gololi shingoni ni uvumbuzi wa Mwingereza Hiram Codd, kwa hati ya uvumbuzi ya 1872. Glasi ya Duralex imeandikwa jina la kiwanda cha Ufaransa kitakoni, pamoja na namba ya kalibu. Yote haya fundi atayasoma bila kumuuliza mtu. Lakini yanahusu Ufaransa, Uingereza na Marekani.

La kwetu limo kichwani mwa mwenye kabati. Chukua seti ya glasi iliyonunuliwa mwaka 1983. Kwa mtaalamu wa kioo ni bidhaa ya kawaida, haina bei. Lakini 1983 ndiyo miaka ya madhila ya baada ya vita vya Kagera, maduka matupu, foleni za sabuni na sukari, na msako wa wahujumu uchumi ambao ulimfanya hata mwenye akiba halali aogope kuionyesha. Mlango wa bidhaa za nje ulianza kufunguliwa 1984. Kuwa na glasi sita mpya sebuleni kabla ya hapo kuna maelezo: mjomba baharia, shemeji aliyekuwa na kazi bandarini, zawadi ya harusi iliyochangwa na ofisi nzima. Ondoa maelezo hayo, glasi inabaki glasi, na mhifadhi aliyeikataa atakuwa sahihi.

Kwa hiyo kwangu mimi swali la nyumbani au makumbusho limewekwa vibaya. Tukiwa wakweli, vyombo hivi hata nyumbani havikuwa katika matumizi. Watoto walikunywea vikombe vya plastiki, glasi zikasubiri wageni nyuma ya kioo cha kabati, juu ya kitambaa cha kufuma, na funguo zilikuwa kwa mama. Kabati lile ni makumbusho ya familia, lenye mhifadhi, masharti ya kuingia na adhabu kwa mvunjaji. Wazee wa pwani walifanya vivyo hivyo kwa zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya thamani. Tofauti ya kabati na makumbusho ya Mtaa wa Shaaban Robert ni kwamba kabati halina daftari. Mama akifariki, ndugu wanagawana vyombo, na maelezo hayagawiwi kwa mtu.

Ndiyo maana naegemea upande wa makumbusho, lakini kwa sharti linalowaudhi watoaji wengi: chombo kisichokuja na mtu wa kukisimulia kisipokelewe, hata kikiwa kizuri. Na kilicho na msimulizi kinaweza kubaki kwake. Makumbusho yarekodi sauti ya mama huyo, yapige picha, yaandike nani alinunua, wapi, kwa fedha ya kazi gani na kilinywewa nini siku ya harusi ya nani. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo kuliko rafu na kiyoyozi. Vyombo vichache sana ndivyo vihamishwe, hasa pale ambapo familia haina wa kuvirithi.

Na hivyo vichache visipangwe mstari mmoja ndani ya boksi la kioo na kibandiko cha mistari miwili, maana hapo vitafanana na dirisha la duka. Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama kimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali, na mgeni huingia ndani akaona kitanda kilipokaa na jiko lilipowaka. Sebule ya Magomeni ya miaka ya 1970 inastahili ujenzi wa aina hiyo: makochi, redio, kabati la vyombo na glasi zake zisizoguswa. Najua litazuka bishano kama sebule ya mjini ni ya jadi, na waliokulia humo waitwe kwenye bishano hilo kabla ya wachoraji wa ramani za ujenzi.

Neno la mwisho ni kwa wanaoamua kubaki navyo na kuvitumia, uamuzi ambao nauheshimu. Vile vizito vinavyometa na kulia kengele ukivigonga, kwa kawaida ni kristali yenye madini ya risasi. Kumnywesha mgeni maji humo kwa nusu saa si neno. Juisi ya ukwaju au ndimu isilazwe humo usiku kucha, kwa sababu ukali wake huitoa risasi kwenye kioo na kuiingiza kwenye kinywaji.