Punguza Upepo Kabla ya Kuinua Gari

Mtu wa Mombasa akinunua Probox au pikapu isiyo na fobai-fo (nguvu kwenye magurudumu yote manne), kisha akawa na safari za Kinango au Msambweni ndani ndani, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuinua gari: tia spesa (vipande vya kuinua springi), ongeza springi. Naupinga. Spesa huepusha tumbo la gari na mawe, lakini haziongezi mshiko wa tairi hata chembe. Zikizidi unene, shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele hukaa kwa pembe mbaya, jointi zikaanza kulia kwenye kona na buti zake, yaani mifuko ya mpira inayozifunika, kupasuka. Pesa za kwanza ziende kwa vitu viwili vidogo: kipimo cha upepo wa tairi na pampu ya volti 12 ya kuujaza.

Tairi yenye psi 32 (psi ndicho kizio cha upepo wa tairi) hukanyaga mchanga kwa wayo mfupi, ikazama. Ishushe hadi 18, ubavu ulegee, wayo urefuke, na gari litapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kwenye matope 22 hadi 24 yatosha, kwa kuwa huko unataka meno yafikie udongo mgumu chini ya ute. Usishuke chini ya 15: ukikata kona kali, tairi huweza kuchomoka kwenye rimu. Punguza kabla hujakwama, na usizidi kilomita 30 kwa saa. Ukirudi kwenye lami jaza kwanza, maana tairi laini ikienda mbio hupata moto hadi ikapasuka. Pampu kubwa kidogo ifungwe kwenye betri yenyewe, injini ikiwa inanguruma. Ukiichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara utaunguza fyuzi. Tahadhari moja ya pwani yetu: palipo na mawe ya matumbawe yaliyochomoza, usilegeze tairi sana. Ubavu uliovimba nje hukatwa na jiwe kali, na ubavu hauzibiki.

Baada ya hapo ndipo zifuate tairi za meno makubwa, zote nne kwa pamoja. Kufunga mpya mbele na kuacha vipara nyuma ni hatari: masika yakilowesha lami, mkia huteleza.

Difu ya kawaida, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, hupeleka nguvu kule kwenye upinzani mdogo, ndiyo maana gurudumu moja huzunguka bure na la pili limetulia tuli. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, vuta handibreki meno mawili matatu huku ukikanyaga mafuta polepole. Gurudumu linalozunguka bure likizuiwa, lenzake hupata nguvu. Kwenye Probox ya kuvuta mbele hila hii haifai kitu, kwa sababu handibreki hushika magurudumu ya nyuma. Yenyewe husaidiwa na uzito: shehena isogezwe mbele, na kilima kikishindikana, kipandwe kwa rivasi ili uzito ulalie magurudumu yanayovuta. Pikapu tupu ipakie magunia mawili ya mchanga ya kilo 50, juu ya ekseli ya nyuma hasa, yafungwe kamba. Yakiwekwa mkiani, pua ya gari huinuka na usukani ukawa mwepesi.

Beleshi lisikose garini. Gurudumu likizunguka sekunde mbili bila gari kusogea, ondoa mguu, kwani kila mzunguko unaongeza shimo. Chimba mbele ya tairi kwa mteremko mrefu, ondoa mchanga uliobeba tumbo la gari (hapa ndipo wengi husahau, wakachimba tairi peke yake na gari likabaki limekalia kifua), kisha laza magunia matupu, yasukumwe hadi yaguse tairi. Nyoosha usukani, ondoka kwa gia ya pili. Asisimame mtu nyuma wala mbele ya magurudumu hayo: gunia hurushwa kwa nguvu, na huweza kuondoka na jiwe.