Injini Iko Nyuma

Mimi Porsche nazijua kwa sauti. Kuimiliki ndiko sijajaliwa. Naendesha Vitz ambayo bampa yake imefungwa kwa kamba ya katani. Basi nilipofika Stuttgart kumtembelea Mjomba, mtu asiyejali gari lolote lisilo basi, nilimburuta hadi makumbusho ya Porsche pale Zuffenhausen. Nikavaa na jinzi mpya, ile ya kubana.

Ndani nikageuka mwalimu.

"Mjomba, hii 911 ilionyeshwa mwaka 1963 ikiitwa 901. Peugeot wakaja juu, eti namba zenye sifuri katikati ni zao. Injini iko nyuma."

"Na mizigo?"

"Mbele."

"Basi wameliunda kinyume," akasema, akaenda zake.

Nikamkuta amesimama mbali na gari moja la pinki, amevuta kola kuziba pua. Lilikuwa 917/20, lililokimbia mbio za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1971 likiwa limechorwa mistari ya bucha kama nguruwe anayesubiri kisu, kila kipande na jina lake kwa Kijerumani. Na Mjomba Kijerumani anakisoma.

"Ijumaa yote hii, umenitoa nyumbani kuja kuangalia kitimoto?"

"Halikumaliza mbio, Mjomba."

"Lingemalizaje?"

Kulikuwa na gari wageni wanaloruhusiwa kukaa. Kuingia, niliingia kama sultani. Makalio shubiri moja kutoka sakafuni, magoti karibu na kidevu, nikashika usukani na kunguruma kwa mdomo. Foleni ya watoto wa shule ikacheka, nikadhani wananishangilia.

Kutoka ndiyo ikawa kazi. Mguu mmoja nje, mkono juu ya paa, nikajivuta. Rrraaa! Jinzi ikaachana kuanzia mkanda hadi karibu na goti, na ndani, Mungu anisitiri, nilikuwa na bukta ya Yanga, kijani na njano. Mtoto mmoja akasema neno lisilohitaji mkalimani.

Nikaondoka kinyumenyume, mgongo ukutani, nikijifanya nasoma maelezo ya magari ambayo nimeshayasoma. Nilifika dukani hivyo hivyo, kama kaa. Kitu pekee cha kujifunga kiunoni kilikuwa sweta ya pinki, yenye mistari ileile ya bucha. Bei yake ingeninunulia bampa mbili. Mjomba alilipa kwa kadi yake, uso ameugeuzia pembeni. Nilipoifunga, neno lenye maana ya paja likaangukia palepale palipochanika.

Kwenye treni alikaa viti vitatu mbele yangu. Mkewe akapiga simu kuuliza kama magari yalikuwa mazuri.

"Mazuri," akajibu bila kugeuka. "Ila injini zote ziko nyuma, na moja imetoka nje."