Anayejitolea naye anapaswa kuaga

Sentensi iliyoniudhi wiki hii ni fupi: "Msimsumbue, anajitolea." Aliambiwa kijana mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma, aliyekuwa akiulizia kwa adabu zote kiraka, yaani marekebisho madogo ya programu, alichokituma kwenye mradi wa mfumo endeshi huria. Mradi wenyewe sitautaja. Tatizo mnalijua wote mnaotumia laptopu za mtumba: umeme unakatika, chaji inaisha, mashine inalala, na ikiamka waifai haionekani mpaka uizime na kuiwasha upya. Kijana akaingia kwenye msimbo wa draiva, ile programu inayoiendesha kadi ya waifai, akasoma usiku kucha, akagundua kwamba kadi ikiamka inarudishiwa umeme lakini programu yake ya ndani haipakiwi tena. Marekebisho hayafiki hata mistari kumi. Akayajaribu kwenye mashine kadhaa, akaeleza alichofanya na sababu yake, akatuma.

Kimya. Akakumbushia. Kimya tena. Mwisho akajitokeza mtu mwingine kabisa na hiyo sentensi. Tulipofungua historia ya mabadiliko ya sehemu ile, tukaona jina la mtunzaji, yule anayepaswa kupokea na kupitisha marekebisho, liko palepale juu, ila mara ya mwisho kuigusa ilikuwa zaidi ya miaka miwili nyuma.

Sasa niseme ninavyoona. Kujitolea ni jambo la heshima kubwa, na mimi ninawaheshimu watu hawa kwa dhati, maana mashine ninayoandikia hapa inaendeshwa na kazi yao. Lakini kujitolea hakumpi mtu haki ya kupotea na funguo mfukoni. Kina mama wa VICOBA mtaani kwetu wanalielewa hili kuliko waratibu wengi wa programu. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Mmoja akipata safari ya kwenda Kasulu kuuguza, anaukabidhi ufunguo mbele ya wenzake, anaagwa, anakwenda. Hakuna anayemlaumu kwa kusafiri, na hakuna anayemlipa mshahara pia. Lakini aondoke nao kimyakimya, siku ya kikao watu wanabaki kuliangalia sanduku la fedha zao wenyewe.

Watu wakizungumzia kuratibu wanaojitolea, mazungumzo yote huwa ni jinsi ya kuwavuta wapya: mafunzo, fulana, stika, mashindano ya wikiendi. Wapya wapo. Hapa Kigoma ninawaona, wenye kiu ya kujifunza na bando la kuungaunga. Wanachokikuta wakifika ni mlango wenye jina la mtu asiyekuwepo. Kazi ya mratibu inaanzia hapo, kujua nani bado yupo na nani ameshaondoka bila kusema, na si kazi ngumu ya kutungiwa sayansi mpya, kwa sababu miradi mikubwa ilishaifanya.

Chukueni Linux yenyewe, kiini cha mifumo endeshi huria mingi. Ndani ya msimbo wake kuna faili linaloitwa MAINTAINERS. Kila sehemu imeandikiwa anayeitunza, na chini ya jina lake imeandikwa hali. Kuna hali ya sehemu ambayo mtu analipwa kuitunza, kuna ya sehemu inayotunzwa kweli, na kuna ya sehemu isiyo na mwenyewe. Katikati ya hizo ipo moja ninayoipenda kupita zote: sehemu ina mtunzaji, ila hana muda wa zaidi ya kupitisha kiraka kimoja kimoja. Mtu aliyechoka ameachiwa mahali pa kusema ukweli wake bila aibu. Kijana wa Mwanga angeiona hali hiyo siku ya kwanza, angejua asubiri kiasi gani au amtafute nani. Na ukitoka, hufutwi. Kuna faili jingine, CREDITS, linalohifadhi majina ya waliochangia, wakiwemo walioshaondoka, pamoja na kazi waliyoifanya.

Debian nao, mradi wa mfumo endeshi unaotumia Linux, pamoja na urasimu wao wote (na urasimu upo), wamelifikiria jambo hili kwa kina. Mradi ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, naye aliukabidhi uongozi kwa mwingine mwaka 1996. Leo kiongozi wao huchaguliwa kila mwaka. Kifurushi, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, kikikosa mtunzaji hutangazwa wazi ili mwenye nafasi akichukue. Mtunzaji akiwa kimya, mwenzake anaruhusiwa kupakia marekebisho ya kifurushi kisicho chake, na mara nyingi marekebisho hayo huwekwa kwenye foleni kwa siku kadhaa ili mwenyewe akiwa na pingamizi aseme. Wanayo hata timu ya kuwatafuta waliopotea. Inawaandikia, inawauliza kama bado wapo, na wasipojibu kwa muda wa kutosha, vifurushi vyao vinapewa watu wengine. Hayo yote yanafanywa na watu wanaojitolea, kwa watu wanaojitolea.

Na wale wanaodhani kuaga ni kushindwa, wamwangalie Linus Torvalds. Septemba 2018 alitangaza hadharani kwamba anasimama kando kwa muda ili aangalie namna anavyowatendea wenzake, akamwachia Greg Kroah-Hartman kazi ya kukamilisha toleo la 4.19 la Linux. Toleo likatoka Oktoba, naye akarudi. Ikiwa mtu aliyeanzisha Linux mwaka 1991 anaweza kusema "napumzika, fulani atashika", sioni kwa nini mtunza draiva moja ya waifai asiweze.

Najua nitajibiwa kwa kisa cha xz, na jibu hilo lina uzito, silikatai. Xz ni maktaba ya kubana data, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingine, imo karibu kwenye kila Linux, na ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja anayejitolea, ambaye mwaka 2022 alieleza wazi kwamba ana matatizo ya afya ya akili na kwamba ile ni kazi ya mapenzi isiyo na malipo. Watu wakamkazania akabidhi. Akakabidhi kidogo kidogo kwa mtu aliyejiita Jia Tan, na mtu huyo akaja kupenyeza mlango wa siri, wa kumwingiza mtu kwenye mashine za wengine, ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Machi 2024 Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine iliyo mbali, kulichelewa kama nusu sekunde. Kwa hiyo naambiwa: umeona matokeo ya kuwashinikiza waliochoka?

Naona, na inaniuma. Lakini yule mtunzaji alisema. Alisema amechoka, akasema kwa nini, na hapakuwa na mratibu wa kumsikia, hapakuwa na wenzake wa kukaa naye na kuupokea mzigo huku wakimchunguza huyo mgeni mwenye haraka. Aliachwa peke yake na kelele za wapita njia. Ninachokidai mimi ni kinyume cha hicho: kukabidhi mbele ya watu, taratibu, kukiwa na macho zaidi ya mawili, na kumuuliza mtu hali yake kabla hajafika pale. "Msimsumbue" haikumsaidia mtunzaji wa xz, na haimsaidii huyu wa kwetu, ambaye kwa tunavyojua anaweza kuwa mgonjwa na hakuna hata mmoja aliyemjulia hali.

Yapo mengine. Mikutano ya video inayomaliza bando la wiki kwa saa moja. Maelekezo yanayodhani umeme haukatiki. Tafsiri za Kiswahili zinazoanzishwa kwa shangwe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, na vijana ninaokaa nao hapa hawajawahi hata kuisikia. Hayo yana siku yake.

Kwa waratibu ninaomba jambo moja. Mara mbili kwa mwaka, mwandikieni kila mwenye jina kwenye orodha: bado upo? Jibu la neno moja linatosha. Akisema amebanwa, mpeni msaidizi. Asipojibu mara mbili, lihamishieni jina lake kwa shukrani kwenye orodha ya walioshaondoka, mkimwachia njia ya kurudi, na sehemu yake mpeni anayegonga, akisimamiwa na mzoefu mpaka aaminike. Mradi utakaofanya hivyo nitawapelekea vijana wa Mwanga na Gungu mimi mwenyewe, na bando la miezi ya mwanzo nitawachangia.