Ukienda Angkor na kikundi, anza kwa kukata ratiba

Ratiba za vikundi zinazouzwa kwa ajili ya Angkor, eneo la mahekalu ya kale kule Kambodia, zinafanana mno. Alfajiri mnatazama jua likichomoza nyuma ya minara ya Angkor Wat, kisha Bayon, kisha Ta Prohm, mchana Banteay Srei, na jioni mnapanda kilima cha Phnom Bakheng kutazama machweo. Mahekalu matano kwa siku moja. Mnunuzi huona amepata vingi kwa pesa yake. Naona amepunjwa, tena katika safari ambayo pengine hatairudia maishani.

Tazama kwanza bei ya tiketi. Ya siku moja ni dola 37, ya siku tatu ni 62, ya siku saba ni 72. Ile ya siku tatu hailazimishi siku zifuatane, kwani unaitumia ndani ya siku kumi. Watoto walio chini ya miaka 12 hawalipi, ila ni lazima pasipoti ionyeshwe, kwa hiyo isiachwe hotelini. Tofauti kati ya siku moja na tatu ni dola 25 tu. Gharama inayobanwa ni ya vyumba, basi na malipo ya mwongoza watalii. Kama kampuni inakwambia siku tatu ni ghali, iombe ikupe mchanganuo, kisha pendekeza hoteli ya nyota moja pungufu. Chumba utalalia tu.

Angkor Wat yenyewe inahitaji nusu siku, na inahitaji kuzungukwa kwa mpangilio wake. Ilijengwa na mfalme Suryavarman II katika nusu ya kwanza ya karne ya 12 kwa heshima ya Vishnu, mungu wa Kihindu, na mlango wake mkuu umeelekea magharibi. Michongo ya kwenye kuta za kibaraza cha nje inafuatana kinyume na mwendo wa saa. Kwa hiyo ukiingia kwa magharibi, pinda kulia. Utaanza na vita vya Kurukshetra, vya katika utenzi wa Kihindi wa Mahabharata, utakunja kona na kukutana na maandamano ya Suryavarman mwenyewe akiwa juu ya tembo, halafu mbingu 37 na jehanamu 32, na mwishoni, upande wa mashariki, bahari ya maziwa ikisukwasukwa: asura (mapepo) 92 huku, miungu 88 kule, wote wamelishika joka Vasuki na Vishnu amesimama katikati. Paneli hizo nne ndizo bora. Za kaskazini zilimaliziwa karne ya 16 na mikono isiyo na ustadi ule, na kikundi kikiziacha hakikosi kitu kikubwa.

Faida ya njia hii ni kwamba inakutoa upande wa mashariki. Mwambieni dereva awasubiri lango la mashariki, asibaki magharibi mlikoshukia, ili msitembee tena barabara ndefu ya mawe juani. Vikundi vingi havifanyi hivi kwa sababu tu hakuna aliyemwambia dereva.

Na wakati? Geti hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Watu hujazana kando ya bwawa la upande wa kaskazini wakingoja jua, na likishatoka wengi wao hupakiwa tena kwenye basi kwenda hotelini kunywa chai. Hapo ndipo vibaraza hubaki vitupu. Hoteli ikiagizwa jana yake itawafungia mayai ya kuchemsha, mkate na ndizi. Kuleni nje ya hekalu kisha mwingie moja kwa moja. Saa mbili za utulivu zinazopatikana hapo zina thamani kuliko picha ya jua ambayo kila mtu anayo.

Mnara wa juu, Bakan, una masharti. Watu wasiozidi mia moja huruhusiwa kuwa juu kwa wakati mmoja, na siku takatifu za Kibuddha, takriban mara nne kwa mwezi, hufungwa kabisa. Mwongozaji anayejua kazi yake huangalia kalenda ya mwezi kabla ya kupanga siku. Mabega na magoti yafunikwe kwa nguo yenyewe. Wengi huvaa fulana isiyo na mikono wakadhani mtandio utawaokoa, wakarudishwa ngazini baada ya kupanga foleni. Kanga kiunoni hufunika magoti vizuri, lakini juu vaeni shati lenye mikono.

Bayon wengi huenda kupiga picha nyuso kubwa za mawe na kuondoka. Mimi ningeomba saa nzima kwenye ukuta wa nje, pande za mashariki na kusini. Mfalme Jayavarman VII, aliyetawazwa mwaka 1181, alichongesha vita vya majini dhidi ya Champa, ufalme jirani wa Wacham, na chini ya mitumbwi ya vita kuna maisha ya watu wa kawaida: jogoo wanapiganishwa, wanawake wanauza sokoni, mama anajifungua, wapishi wanachoma mishikaki. Wacham wa Kambodia leo kwa sehemu kubwa ni Waislamu, na msafiri kutoka pwani yetu akielezwa hilo hapo ukutani, atautazama msikiti wa Siem Reap, mji ulio jirani na mahekalu, kwa jicho lingine.

Phnom Bakheng ifuteni. Mwisho ni watu 300 juu ya hekalu, na kikundi cha watu 25 kinachofika saa kumi na moja jioni huweza kusimama foleni mpaka giza.

Hilo linaleta suala la ukubwa wa kikundi. Vibaraza ni vyembamba, na zaidi ya watu kumi na wawili, wa nyuma hasikii chochote. Kama kampuni inachukua zaidi, iulize kama inatoa visikizio vya masikioni. Na kuanzia saa tano hadi saa nane na nusu mchana rudini mpumzike, hasa mwezi wa Aprili, kwani mawe yale hutoa joto kama tanuri na wazee ndio huanguka kwanza.

Makaratasi nayataja kwa haraka, maana hukwamisha watu uwanjani. Anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepigwa angalau siku kumi kabla. Mkipitia Bangkok na kurudi tena huko, viza ya Thailand ya kuingia mara moja haitoshi. Mgogoro wa mwaka 2025 ulifunga mpaka wa nchi kavu kati ya nchi hizo mbili, kwa hiyo msilipie safari ya basi kupitia Poipet, mji wa mpakani, kabla ya kuhakikisha hali ilivyo. Uwanja mpya wa Siem Reap, uliofunguliwa Oktoba 2023, uko zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini. Ratiba inayosema mtatua na kuanza kutembea baada ya nusu saa imenakiliwa kutoka enzi za uwanja wa zamani.

Chakula ndicho kinachonisikitisha zaidi, kwa sababu vikundi hupelekwa kwenye kumbi za bufee na kulishwa vitu visivyo na kwao. Amok halisi ni samaki katika tui zito, yai na kroeung, yaani mchaichai, khulinjani, manjano, maganda ya ndimu na vitunguu vilivyotwangwa pamoja, kisha huwekwa katika kikombe cha jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke mpaka kigande. Hiyo huchukua zaidi ya dakika ishirini. Ikifika mezani baada ya dakika tano ikiwa majimaji, ni mchuzi uliomiminwa ndani ya jani. Mwongozaji aagize siku moja kabla. Asiyekula samaki ajue kwamba mchuzi wa samaki na prahok, samaki waliochachushwa kwa chumvi, huingia hata kwenye mboga. Asiyekula nguruwe aulizie migahawa ya halali ya Wacham, ipo mjini.

Siku ya Banteay Srei, lile hekalu dogo la mawe ya waridi la mwaka 967, njia hupita kijiji cha Preah Dak. Wenyeji huko hutengeneza nom banh chok: mchele uliolowekwa, ukasagwa, ukachachuka, ukakamuliwa kupitia matundu hadi kwenye maji yanayochemka, halafu tambi zake humwagiwa mchuzi wa samaki na mchaichai. Ni chakula cha asubuhi, na wakipita hapo saa sita hukuta sufuria zimeoshwa. Mwambieni dereva kabla hamjatoka hotelini, maana basi likishakipita kijiji halirudi.