Bodaboda vichochoroni Amu: tusibishane kelele tu

Kila ubishi wa bodaboda kuingia vichochoroni unapozuka hapa Amu, yaani Lamu, iwe uwanjani Mkunguni au mitandaoni, hoja ni zile zile: kelele, watoto kugongwa, punda kushtuka, na hadhi ya urithi wa dunia tuliyopewa na UNESCO mwaka 2001. Sizipingi. Lakini iliyo nzito kuliko zote hatuitaji, labda kwa sababu haipigi honi: yale yanayofanywa na moshi wake usiku, pikipiki imeshazimwa na mwenyewe amelala.

Wengi huamini uchafu wa moshi unatoka kwenye mafuta, kwa hiyo mafuta yakiwa safi mambo yamekwisha. Kwa salfa ni kweli, ndiyo maana mwaka 2015 Afrika Mashariki ilishusha kiwango chake kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Nitrojeni ni habari nyingine. Hiyo imo hewani tayari, asilimia 78, imetulia, haina neno na mtu. Ndani ya silinda joto hupanda mpaka atomi zake mbili zikaachana na kila moja ikashikana na oksijeni. Inatoka monoksidi ya nitrojeni, nayo ikikutana na ozoni inageuka kuwa dioksidi ya nitrojeni. Tia mafuta safi uwezavyo, injini bado itaiunguza hewa yenyewe.

Sasa dioksidi hiyo ilale katika kichochoro cha Mkomani, mtaa wa mji wetu wa kale. Ukuta huku, ukuta kule, na pengine wikio, kile chumba kinachovuka njia kuunganisha nyumba mbili, juu yake. Unyevu wa bahari umetanda kwenye mawe. Gesi hiyo ikigusana na utando huo wa maji inazaa vitu viwili: asidi ya nitriki, ambayo kwa kawaida hunasa pale pale ukutani, na asidi ya nitrasi, ambayo nyingine huponyoka ikarudi hewani. Katika hewa tupu mmenyuko huu ni wa polepole mno. Unataka mahali pa kutua: jiwe, vumbi, majani, rangi. Hapo ndipo sisi tunapoachana na barabara kubwa za Malindi, zenye hewa tele na ukuta kidogo. Mji wa kale wa Amu ni ukuta kwa ukuta. Pikipiki kumi kule si sawa na pikipiki kumi huku, hata kama moshi wake ni kiasi kimoja.

Asidi ya nitrasi hujikusanya usiku kucha kwa kuwa anayeivunja hasa ni jua. Kukipambazuka, miale ya urujuanimno inaipasua: monoksidi ya nitrojeni inarudi upande mmoja, na upande wa pili unatoka haidroksili, kipande kisichotulia hata sekunde moja, kinachorukia karibu kila mvuke kilichoukuta. Angahewa inakihitaji, bila hicho methani na monoksidi ya kaboni zingejaa tu. Lakini palipo na mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni, kazi yake inaishia kutengeneza ozoni ya chini, ile inayochoma mapafu. Asidi ya nitrasi ndiyo kiberiti cha asubuhi. Ikifika adhuhuri, molekuli yake haidumu zaidi ya dakika chache.

Ndiyo maana nina shaka na anayenionyesha picha ya setilaiti akasema hewa yetu ni safi. Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, inapima dioksidi ya nitrojeni dunia nzima, na inapita juu yetu kama saa saba na nusu mchana. Wakati huo upepo wa bahari umeshafagia na jua limeshamaliza kazi. Na vipo vipimio vingi vya ardhini ambavyo huihesabu asidi ya nitrasi kana kwamba ni dioksidi. Kuitambua yenyewe hewani kulisubiri hadi mwaka 1979, Dieter Perner na Ulrich Platt walipoinasa Ujerumani kwa kutumia mwanga.

Punda nao wamo, tusijidanganye. Mkojo wao huzaa amonia, bakteria wa udongoni wanaigeuza kuwa nitriti, na tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba udongo wenye nitriti hutoa asidi hii hii. Lakini punda hatoi mvuke wa petroli.

Ukuta wenyewe pia unalipa. Chokaa ikikutana na asidi ya nitriki inageuka kuwa nitrati ya kalisi, chumvi inayonyonya maji ya hewani na kuyeyuka, kisha ikikauka inaganda tena ndani ya plasta na kuibambua. Tunalaumu chumvi ya bahari peke yake, halafu tunaegesha jenereta dakani, penye ukumbi wa mlangoni.

Hili hunishangaza. Tulisimama kidete dhidi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, kaunti hii hii, hadi leseni yake ikafutwa Juni 2019. Moshi wa mbali tuliuelewa vizuri. Wa mlangoni tunauita maendeleo.

Kijana wa boda simtaki alale njaa. Pikipiki za umeme zipo Kenya, na kama serikali ya kaunti ina fedha za kukopesha vijana, pa kuzipeleka ni hapo. Ila pendekezo ninalolisikia barazani, la kuzuia injini mchana wageni wakiwapo na kuziachia usiku, ni kinyume kabisa. Usiku ndio ukuta unapofanya kazi, hasa wakati wa maleleji upepo ukilegea. Wenye kutunga kanuni waanze na saa hizo, na wakileta kipimio wasikiweke juu ya paa la ofisi. Wakiweke chini ya wikio, wakisome kabla jua halijatoka.